Boti Ikivuta Upande Mmoja, Tusisimame Wote

Wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa ninyi mliovuka ziwa na watoto na magodoro, kuna swali ninaloulizwa bandarini karibu kila wiki. Kwa nini boti, motere ikiwaka tu, pua yake inakwenda upande mmoja kama mbuzi anayekataa kamba? Mama mmoja aliyetoka Minova aliniambia kwamba kwao wanasema ni uchawi wa wenye boti kuoneana wivu. Kijana aliyeketi karibu naye akakata: hapana mama, ni kapiteni amekunywa. Siwezi kusema kijana amekosea kila mara. Lakini nimevuka ziwa Kivu mara nyingi kwa kazi hii, na makapiteni wenye akili timamu, wasioonja hata tone, boti zao zinavuta vilevile.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu ya tabia niliyoiona. Tangu vita vilipofunga barabara ya Sake na Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, ziwa ndilo likawa barabara. Maharagwe, mihogo, wagonjwa, wanafunzi, vyote majini. Halafu tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama ikiwa imeshakaribia bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Viongozi walisema ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Familia nyingi zinazonisikia zilipoteza mtu siku ile. Kwa hiyo siku hizi boti ikigeuka kidogo tu, abiria wanashtuka, wanasimama, wanakimbilia upande wa pili. Hapo ndipo jambo dogo la fundi linageuka kuwa kilio.

Kuvuta kuna aina mbili, na hazifanani kabisa. Moja inatoka kwenye motere. Nyingine inatoka kwenye mzigo.

Ya motere nilielezwa na mzee mmoja fundi anayetengeneza motere za boti, na hakutumia maneno makubwa. Alinionyesha chukudu iliyokuwa imeegemea ukuta. Akasema: gurudumu lile ukilizungusha chini linakimbia mbele, si ndiyo? Sasa elisi, lile panga linalozunguka nyuma ya motere, nayo ni kama gurudumu lililokaa ubavu. Kazi yake ni kusukuma maji nyuma ili boti iende mbele. Lakini hapohapo, kwa kuwa inazunguka, inataka pia kutambaa kando. Motere nyingi zenye elisi moja, ukizitazama ukiwa nyuma ya boti, zinazunguka kama mishale ya saa. Gurudumu linalozunguka hivyo linakwenda kulia. Basi mguu wa motere nao unasukumwa kulia.

Nikamuuliza: lakini maji yako juu na chini ya elisi, mbona yasikatane nguvu? Akacheka. Bawa la chini linauma maji mazito yaliyotulia. Bawa la juu liko karibu na uso wa ziwa, linavuta hewa, linateleza. Ndiyo maana boti nyepesi, ambayo nyuma yake imeinuka na elisi iko karibu kutoka majini, inavuta kuliko boti ambayo elisi yake imezama vizuri. Vivyo hivyo mkiweka magunia yote mbele: pua inazama, nyuma inainuka, elisi inaanza kulia na kapiteni anapigana na mkono wa motere.

Huo mkono ndio wa kuangalia. Mguu wa motere ukienda kulia, mkono unaoshikwa na kapiteni unakwenda kushoto, na boti inageukia kulia. Kapiteni akiachia ili apokee simu au ahesabu franka, boti inapinda yenyewe. Mwingine anafunga mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili apumzike. Mimi hilo silipendi hata kidogo, maana siku wimbi likija ghafla hana muda wa kufungua fundo.

Dawa yake ipo, na ni ndogo. Chini ya lile bati lililolala juu ya elisi, motere nyingi zina kipezi kidogo, kama pezi la samaki, kilichoshikwa na bolti moja. Boti ikivuta kulia, motere inazimwa, bolti inalegezwa, na mkia wa kipezi unasogezwa kulia kidogo sana, kisha inakazwa. Ikivuta kushoto, unasogezwa kushoto. Halafu inajaribiwa tena. Vijana wengi wanafikiri ni kinyume, kwa sababu wanakifikiria kama usukani wa boti. Siyo. Kipezi hakigeuzi boti, kinasukuma mguu wa motere wenyewe urudi katikati. Shida ni kwamba kwenye motere nyingi za kwetu kipezi kile hakipo tena. Ufuko wa Goma ni mawe ya volkano, motere inagonga, kipezi kinavunjika, na hakuna anayekirudisha kwa sababu boti bado inatembea.

Kuvuta huku kwa motere kunachosha mkono wa kapiteni na kunakula mafuta. Chenyewe hakipindui boti.

Sasa ile ya pili, na hapa naomba mzazi awaite watoto wakubwa wasikilize.

Boti ikiegemea upande mmoja kwa sababu ya mzigo, pua yake haiendi upande ulioelemewa. Inakwenda upande wa pili. Boti iliyolalia kulia inapinda kushoto. Wavuvi wa sambaza wanalijua hili mwilini: ukiukalia mtumbwi ubavu wa kulia, unapenda kwenda kushoto. Ni kwa sababu ubavu uliozama umekuwa mpana na wa mviringo majini kuliko ule ulioinuka, na maji yanausukuma mbali.

Fikirini sasa abiria asiyejua. Anaona boti inakwenda kushoto. Anafikiri uzito umezidi kushoto. Anapiga kelele, jamani twendeni kulia! Watu arobaini wanahamia kulia, upande uleule uliokuwa umezama. Na maji yaliyo ndani ya boti, yale ya kupenya kwenye mbao ambayo kijana huyachota kwa bido iliyokatwa, nayo yanakimbilia hukohuko kwa pamoja. Mdomo wa boti ukishafika usawa wa ziwa, hakuna wa kusahihisha tena. Kivu kinashuka karibu mita 485 mahali penye kina kirefu.

Kwa hiyo msiitazame pua. Tazameni midomo miwili ya boti, kulia na kushoto, upi uko karibu na maji. Huo ndio unaosema ukweli. Kama inalingana na boti bado inavuta, kuna uwezekano mkubwa ni motere, ketini mle karanga zenu.

Kapiteni ana njia nyingine ya kujua, nayo ni kupunguza moto polepole. Kuvuta kukipungua pamoja na moto, ni elisi. Boti ikiendelea kupinda wakati inateleza tu, ni mzigo, au upepo, au ubao wa chini umejikunja. Nasema polepole. Boti iliyojaa ikikatiwa moto ghafla, wimbi lake lenyewe lililokuwa linafuata nyuma linaifikia na linaweza kuingia ndani.

Upepo nao nisiusahau, maana sisi tunaohama tunausaidia bila kujua. Magodoro yakipangwa juu mbele ya boti na kufunikwa turubai, yanakuwa tanga, tanga ambalo hakuna mtu anayelishika kamba. Upepo wa ubavu unaisukuma pua iende unakoelekea upepo. Yakipangwa juu nyuma, pua inageukia unakotoka upepo. Magodoro ni mepesi, ndiyo, lakini yalazwe chini hata kama mtaketi juu yake. Sufuria, magunia na bido za maji ndizo zikae katikati kabisa, chini ya kila kitu.

Na kama ni lazima kurekebisha uzito mkiwa majini, ni kapiteni anayetaja majina: wewe papa, wewe kijana mwenye kofia, sogea. Mmoja mmoja, mkiwa mmeketi, mkiteleza kwenye mbao. Mama mwenye mtoto mgongoni asisimamishwe. Jile ya kuokolea ivaliwe kabla ya kupanda, siyo ile inayokaliwa kama mto.

Wiki iliyopita nilimkuta yule mzee fundi ufukweni, suruali imekunjwa hadi magotini, anakaza kipezi alichokata mwenyewe kutoka bati la zamani. Aliijaribu boti ikiwa tupu, ikaenda sawa. Nikafikiri amemaliza. Akamwambia mwenye boti alete magunia ishirini ya mchanga kabla ya abiria kupanda, kwa sababu boti tupu na boti yenye watu si boti moja. Mwenye boti alinuna, akauliza nani atalipa vijana wa kubeba mchanga. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana, na abiria wa kwanza walikuwa wameshaketi ufukweni na mizigo yao, wanasubiri.