Lituhi, Ufukoni mwa Nyasa

Ukitaka kufika Lituhi, iache barabara ya Songea na Mbinga pale Kitai, ushike njia ya ziwani. Utapita nchi ya makaa ya mawe ya Ngaka, kisha utaliona Ziwa Nyasa, na Mto Ruhuhu ukiingia majini.

Usipa ule ulioanikwa juani ndio daftari na sare za mtoto. Upepo ukivuma juma zima, mitumbwi hulala, na mzazi huanza kuhesabu.

Je, ni nani wa kuwaongoza watoto hawa? Zamani ungejibiwa: mapadre wa Peramiho, waliofika mwaka 1898. Misheni yao ilichomwa moto mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, nao wakaijenga tena. Lakini mwaka 1938 lilianza shirika la Masista wa Mtakatifu Agnes, Chipole, mabinti wa nchi hii, na leo wanaongozana wenyewe. Kwangu hilo lapita majengo yote, maana mgeni hurudi kwao.

Waarmenia nao, taifa la Kikristo tangu kale, waliunda chama chao cha hisani mjini Cairo mwaka 1906, Boghos Nubar akiwa kiongozi. Baada ya mauaji ya 1915 watu wao walitawanyika. Chama kikatunza yatima na kusaidia shule, kwa michango yao wenyewe.

Basi ukifika mwaloni Lituhi, uliza kamati ya shule ina akina mama wangapi. Usipa, wao ndio wanaouanika.