Mbegu ya parachichi na bakuli la Popi

Kwetu Rungwe mbwa ni mlinzi. Anakula ugali uliobaki, analala nje, na akifa anafukiwa siku hiyo hiyo kabla mvua haijazidi. Hakuna matanga ya mbwa. Ndiyo maana Popi alipokufa mwezi Aprili, jirani aliyemkuta binti yangu akilia alishangaa kwelikweli: "Yote haya kwa ajili ya mbwa?"

Popi alikufa kwa uzee. Alifika kwa wazazi wangu, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, nikiwa kidato cha pili, akiwa ndani ya kikapu kilichotoka sokoni na ndizi. Nilipoondoka kwenda chuo alinisindikiza mpaka barabarani, na niliporudi na mtoto akaanza kumlinda yeye. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka mitano, alijifunza kusimama kwa kushika mgongo wake.

Mimi huandika habari za afya. Kazini kwangu mbwa maana yake ni kichaa cha mbwa: chanjo, kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia kituo cha afya hata kama ni mkwaruzo tu, kwa sababu dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua. (Hilo lishike, mzazi mwenzangu, hata ukisahau mengine yote humu.) Mtoto aliyefiwa na mbwa hana ukurasa wake kwenye vipeperushi vyetu.

Wataalamu wa malezi hukubaliana kwamba mtoto wa umri huu mara nyingi hukiona kifo kama safari, aliyekwenda atarudi. Hushauri tumwambie kwa neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Ukimwambia "amelala", unaweza kumpa hofu ya kulala. Basi nikamweleza hivyo, polepole, nimempakata. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaenda kujaza maji kwenye bakuli la Popi.

Alilijaza siku nne mfululizo. Chakula chake mwenyewe alikuwa akikichezea tu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Baba alikuwa amechimba shimo refu kule kwenye migomba, mbali na kisima. Siku ya tano mama alimchukua mjukuu wake wakaenda huko, nami nikafuata nyuma na jembe ili nionekane nina kazi. Mama alikata mgomba uliokwisha kutoa mkungu wake. Mgomba huzaa mara moja tu, basi, na kufikia hapo machipukizi pembeni yake tayari yamesimama. Akamwonyesha lile shina lililolala, linatoa maji. "Huyu amekufa," alisema. "Na hawa wanakula wapi?" Mtoto akachungulia chini, akasema wanakula hapo hapo kwa mama yao. Mama akaitikia tu, akaendelea kupunguza majani. Mimi niliyesoma nilitaka kufafanua kwamba mbwa si mgomba. Nikanyamaza, na nashukuru nilinyamaza.

Sisi ni Wamoravian. Wamisionari wa kanisa letu walifika Rungwe mwaka 1891, na chimbuko lao ni mji mdogo wa Herrnhut, Ujerumani. Kule makaburi yao huitwa Gottesacker, yaani shamba la Mungu, na alfajiri ya Pasaka mwaka 1732 vijana wa mji huo walikwenda kuimba katikati ya makaburi wakisubiri jua. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu punje inayozikwa ardhini. Kuyasikia ukiwa kwenye benchi ni jambo moja. Kuyakumbuka umepiga magoti kwenye udongo mweusi wa volkano, matope mpaka kwenye viwiko, unang'oa magugu pembeni ya kilima kidogo ulichokifukia wewe, ni jambo jingine kabisa. Sijamwambia mtoto kwamba Popi yuko mbinguni. Lakini wiki zile maneno ya sala yalinikauka, na kung'oa magugu kukawa ndiyo sala yangu. Nilikuwa nikiinuka pale nikiwa mwepesi.

Parachichi lilikuwa wazo lake mwenyewe. Tulikuwa mezani, akashika mbegu akasema hii apewe Popi. Baba, ambaye ana miti yake ya hass na huielezea kama watoto waliofaulu, alimwambia ukweli: mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, lakini wa mbegu unaweza kukaa miaka saba au zaidi, na tunda lake huenda lisifanane na la mama yake. Mjukuu akajibu kwamba yeye hana haraka.

Tukaipanda. Bakuli likapata kazi mpya. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, lakini kila asubuhi mtu na buti zake alikwenda kumwagilia, hata mvua ikinyesha. (Buti ni lazima, na kunawa mikono pia. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, kwa hiyo kadi ya chanjo iangalie.) Akirudi huko alikuwa na njaa. Sahani ilianza kurudi jikoni tupu.

Baridi ya Juni ilichelewesha mambo. Wiki ya tisa udongo ulipasuka, kikatoka kijiti chekundu chenye vijani viwili vilivyojikunja. Aliita nyumba nzima. Mama alifika wa mwisho akijifuta mikono kwa kanga, na mtoto akamuuliza mbele yetu sote, "Bibi, na wewe ukifa tutakupanda?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mtanipanda," alisema. "Ila msiniweke karibu na figiri, sizipendi."

Binti yangu akaangalia huku na huku, akachagua mahali karibu na migomba, akauliza kama hapo panafaa. Mama akaenda kupakagua.