Mwalimu Ajifunza Upya Kutembea

Mithali hii mnaijua tangu utoto: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tumeiandika ubaoni miaka mingi mbele ya wanafunzi wetu, hapa Kadutu, tukawaeleza maana yake kwa maneno mazuri. Hatukudhani kwamba siku moja tutakuwa sisi wenyewe mfano wake. Leo twataka kuwasimulia habari ya mguu wetu wa kuume. Hatutafuti huruma. Twajua tu kwamba yuko mtu ambaye leo anachechemea nyumbani kwake na kujisemea: «Si kitu, utapona wenyewe.»

Kadutu ni mahali pa mteremko. Nyumba zetu zimepandana juu ya kilima, na vijia kati yake ni vyembamba. Mvua ikinyesha, udongo wateleza kama sabuni. Kwenda sokoni ni kupanda, kuchota maji ni kushuka, na asiye na miguu imara apata taabu hata kumsalimu jirani.

Basi, mwaka 2017, tukishuka kutoka soko la Kadutu siku ya mvua, mguu ulipinda kwa ndani na kifundo kikavimba. Jirani yetu mmoja, mama muuguzi, alitushauri vema: «Mwalimu, pumzisheni mguu, uinueni juu, ufungeni bendeji. Maumivu yakipungua, anzeni mazoezi kidogo kidogo.» Hatukumsikia. Tulimwita mzee mmoja anayekanda, akaukanda kwa nguvu hata machozi yakatutoka, na siku ya tatu tulikuwa darasani. Tukajiona mashujaa. Lakini tangu hapo mguu ule haukuwa mwaminifu tena. Mara ungepinda penye jiwe dogo, mara penye ngazi, nasi tungecheka na kuendelea na safari.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Oktoba 2022. Mwajua jinsi watu wa hapa wapendavyo mpira. Uwanja wa Concorde uko hapa hapa kwetu Kadutu, na siku Muungano wakipambana na Bukavu Dawa, hata wazee huacha kazi zao. Nani basi asiyejiona mchezaji? Tulicheza na wanafunzi wetu wa mwaka wa sita. Tuliruka kupiga mpira kwa kichwa, tukatua juu ya mguu wa mwenzetu, na tukasikia sauti kama ya kijiti kikavu kinachovunjika.

Daktari alitueleza mambo kwa upole. Upande wa nje wa kifundo cha mguu kuna kano tatu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ile ya mbele ndiyo hukatika mara nyingi zaidi. Kano iliyokatika mara kwa mara hupona kwa kulegea. Imekuwa kama kamba ya mbuzi iliyo ndefu mno: kamba ipo, lakini haimzuii mbuzi kuingia shambani.

Alitueleza pia jambo moja ambalo twaomba kila msomaji alikumbuke. Watu wengi walioteguka mguu hawahitaji kisu. Mapumziko ya siku chache, bendeji, kisha mazoezi yenye utaratibu, yatosha kuwaponya. Tena kuna alama za kumjua mtu anayehitaji kupigwa picha ya mifupa, zilizotangazwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, nchini Kanada. Mojawapo ni hii: asiyeweza kupiga hatua nne kwa miguu yake, mara baada ya kuumia na hata mbele ya daktari, asingoje. Hii nyingine ni maumivu mtu anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe, upande wa nyuma wa kifundo au kwenye ncha yake. Na kukanda kwa nguvu mguu ulioumia sasa hivi ni kuuongezea jeraha.

Kwetu sisi, saa ya mazoezi matupu ilikuwa imepita. Mwezi wa Novemba tulipasuliwa. Namna ile ya kushona kano ilielezwa mwaka 1966 na daktari Lennart Broström wa Swideni, na mwaka 1980 daktari Nathaniel Gould wa Marekani akaiongezea nguvu. Hawaleti kano mpya. Waifupisha na kuishona ile ile ya mgonjwa mwenyewe. Kazi hiyo haikuchukua muda mrefu. Tulipozinduka tukadhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Majuma mawili ya kwanza tulilala, mguu ukiwa juu kuliko moyo, umewekwa juu ya mto na gunia la maharagwe. Hatukuruhusiwa kuukanyagia hata kidogo. Mama wa watoto wetu alituletea maji ya kunawa, na mtoto wetu wa miaka saba alitushikia magongo tulipokwenda msalani usiku. Ndugu wasomaji, twaungama kwamba maumivu ya kidonda hayakutushinda, ila haya ilitushinda. Mtu aliyezoea kuamuru darasa zima aona ugumu kumwomba mtoto kikombe cha maji.

Juu ya haya ikaja hofu. Mnajua maisha ya mwalimu wa sekondari. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa bure tangu Septemba 2019, lakini kwetu sekondari, chakula cha mwalimu kilitoka kwa sehemu kubwa katika mchango wa wazazi. Tulijisemea: asiyefundisha, kwa haki gani atapokea? Na wale wa mwaka wa sita, wenye mtihani wa Serikali mbele yao, nani atawaongoza? Juma la nne, siku moja mama wa watoto alipokwenda sokoni, tukashika magongo yetu, tukatoka bila kumwambia mtu. Daktari alikuwa amesema majuma sita ndani ya kiatu kigumu, na kutembea kidogo tu nyumbani. Sisi tulikwenda shuleni.

Hatukufika. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia. Penye mfereji, gongo moja likateleza, nasi tukaanguka mbele ya wauza makaa, tukikanyaga chini kwa mguu ule ule. Tulikaa matopeni tukishika kifundo kwa mikono miwili, na moyoni tulikuwa na wazo moja tu: tumeharibu kila kitu.

Mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye mabega mapana, alikuwa akipita na mkoba wake wa vitabu. Alichuchumaa, akasema: «Mwalimu, pandeni mgongoni.» Tulikataa. Akabaki amechuchumaa. Mwishowe tukapanda, akatupandisha kilima kizima, akipumua kwa nguvu, na watu wote wa mtaa wakitazama. Alipotuweka mlangoni, alifuta jasho, akasema kwa heshima sana: «Mwalimu, ile mithali ya guu, sisi tulikuwa tumekwisha ielewa.»

Tulicheka, kisha tukalia.

Kesho yake daktari alituchunguza. Nyuzi zilikuwa zimeshika, ashukuriwe Mungu, lakini uvimbe ulikuwa umerudi, akatuongezea majuma mawili. Hakutukaripia. Alituuliza tu: «Shule yenu ingekuwa na faida gani na mwalimu kilema?» Twalikumbuka neno hilo hata leo.

Jumatatu iliyofuata tulisikia kishindo uani. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wakibeba benchi mbili na ubao mdogo. Mkuu wa shule alikuwa amewaruhusu kuja kila alasiri. Tukafundisha tumeketi, mguu juu ya kigoda. Mwisho wa mwezi, mjumbe wa wazazi alituletea sehemu yetu ya mchango, yote, katika bahasha. Hakutuuliza kama tumestahili. Hapo tukatambua kwamba kiburi chetu kilikuwa kimetudanganya. Tulidhani ulimwengu utaanguka tukilala, kumbe wenzetu walikuwa tayari kuubeba kwa muda, laiti tungewaomba.

Kiatu kigumu kilipoondolewa, tuliona mguu usiofanana na ndugu yake. Fundi cherehani alitukopesha utepe wake, tukapima misuli ya nyuma ya goti: ilikuwa imepungua sentimita mbili. Ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na twaieleza ili mwenye kuumia asiiogope.

Kwanza tuliandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, kutoka A hata Z, asubuhi na jioni. Watoto walicheka kumwona mwalimu akirudi darasa la kwanza. Pili, tulifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa meza, tukauvuta kwa kisigino na kwa ubavu wa mguu, polepole. Tatu, tukisimama penye ngazi ya mlango, tulijiinua kwa vidole, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja.

La nne ndilo dogo kuliko yote, na gumu kuliko yote: kusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 1965, madaktari wa London, daktari Michael Freeman na wenzake, walionyesha kwamba mguu ulioteguka haupotezi nguvu tu. Wapoteza pia akili yake, yaani ule uwezo wa kujua bila kutazama jinsi ulivyokaa chini. Akili hiyo hurudi kwa kufundishwa. Tulisimama hivyo tukipiga mswaki, siku za kwanza kwa kushika ukuta, baadaye macho yakiwa yamefumbwa. Siku ya kwanza hatukuweza hata kuhesabu hadi tano.

Katika siku zile tulikwenda kumwamkia ndugu mmoja huko Heri Kwetu, kituo cha walemavu hapa Bukavu, ambako hutengenezwa miguu ya bandia. Tuliona watu waliopoteza mguu mzima wakijifunza hatua moja, kisha ya pili, kati ya vyuma viwili. Hakuna aliyeona haya. Tulirudi nyumbani tukasimama kwa mguu wetu mmoja bila kunung'unika.

Mwezi wa tatu tulitembea bila gongo. Mwezi wa sita daktari akaturuhusu kukimbia polepole mahali pa tambarare. Mpira twauacha kwa vijana. Sisi twapuliza filimbi ya mwamuzi. Siku ya mvua kifundo bado hukaza kidogo, nasi huchagua njia ndefu yenye mawe imara.

Wasomaji wapenzi, mkiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, msimharakishe, wala msimfanye mtoto. Msaidieni kuinua mguu, mkumbusheni mazoezi yake. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, msuli wa nyuma ya goti ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo. Na wewe mgonjwa, ukinyoshewa mkono, upokee. Gongo si aibu, wala mgongo wa mwanafunzi si aibu.

Siku hizi, tukifika kwenye mithali ile darasani, twaandika nyingine chini yake, iliyo mwenzake: Mwenda pole hajikwai. Wanafunzi hutazama mguu wetu, hutabasamu, na hawahitaji maelezo marefu.