Ukuta wa Moto

Mama alinisikia nikimwambia mdogo wangu kwamba jioni hiyo nitaweka ukuta wa moto kwenye kompyuta. Akaacha kuchagua maharage, akaniangalia.

"Weye, unataka utuletee moto mu nyumba? Ile ya Nyiragongo haikutosha?"

Nilicheka, kisha nikaona hana kosa. Kwetu ni Majengo, kaskazini mwa Goma. Mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikuja kusimama upande wa Buhene, karibu sana na sisi. Kwa mtu wa hapa, ukuta wa moto ni kitu alichokikimbia usiku, godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Kosa lilikuwa la kirai chenyewe. Ile -a unganifu tunayoichambua darasani haisemi yote. Dawa ya mitishamba imetengenezwa kwa mitishamba, lakini dawa ya malaria inaipiga malaria. Ukuta wa moto ni upi kati ya hizo mbili? Kifaransa cha kompyuta yangu kinasema "pare-feu", kitu cha kukinga moto, na hakuna wa kukosea. Tena neno lenyewe lilitoka kwa waashi: ni ukuta mnene unaojengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto usivuke. Nikamwambia mama ni ukuta wa kuzuia moto.

"Moto ya nani?" akauliza.

Hapo sikucheka. Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo narekodi ngano za Kihunde. Msimulizi wangu mkuu ni koko mmoja aliyehama Masisi kwa sababu ya vita. Siku moja ngano ilikwisha nikasahau kuzima kinasa sauti, naye akaendelea kuongea, akataja wanawe walikimbilia wapi. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sauti yake haitatoka nyumbani kwetu.

Lakini rekodi zilikaa katika folda ambayo mimi mwenyewe niliifungua ili mdogo wangu achukue filamu kwa simu. Na nyumba tatu za ua wetu tunachangia ruta moja. Asubuhi moja, kwenye bomba, kijana wa jirani alinisalimu kwa maneno yaleyale ambayo koko huanzia ngano zake. Kihunde anakisikia vizuri. Mama yake ni wa Masisi. "Folda yako iko wazi," akasema, "nilizani ni muziki. Nilisikia moja tu." Sikujua kama nimwamini. Wala sikuweza kumlaumu, maana mlango niliuacha wazi kwa mkono wangu.

Mimi si fundi. Nilidhani ruta inatosha. Kweli, ruta inawazuia wageni wasioitwa wanaotoka intaneti. Lakini aliye kwenye waifai ileile ameshapita geti. Ukuta wa mawe ya lava unaozunguka ua wetu unatutenga na barabara, haututengi na jirani tunayechota naye maji. Ilibidi basi kompyuta yenyewe iwe na ukuta wake.

Nilianza na nenosiri la kufungulia mipangilio ya ruta, ambalo bado lilikuwa lile la kwenye kibandiko chini yake. Nikalibadili. Nikaiambia kompyuta ihesabu mtandao wetu kuwa wa umma, usiwe tena wa nyumbani. Nikafunga folda. Mwisho nikawasha ukuta, na kanuni yake ni fupi: kinachotoka kitoke, kinachobisha hodi bila kuitwa kisifunguliwe. Umeme ulikatika katikati ya kazi, nikamalizia kwa betri.

Usiku huo mdogo wangu alilalamika kwamba hapati tena filamu. Kwa asiye fundi, lalamiko kama hilo ni jaribio zuri. Kesho yake nikamwomba jirani yuleyule ajaribu kuingia. Alihangaika kidogo. "Haifunguke," akasema.

Ila ukuta haurudishi kilichokwisha kutoka. Jumapili nilikwenda kwa koko nikamweleza yote, na la jirani pia. Alinyamaza muda mrefu.

"Ile ya batoto bangu, aliisikia?"

"Sijue, koko."

"Uifute."

Nilikuwa nimebeba kompyuta. Nikaifuta mbele yake, na nakala iliyokuwa kwenye simu nikaifuta. Ngano ilikuwa katika rekodi hiyohiyo, nayo ikaenda. Nilianza kufunga mfuko ili niondoke, nikijua kazi yangu huenda imeishia hapo.

Koko akaniuliza kinasa sauti kiko wapi, kwani anataka kuirudia ile ngano. Aliisimulia ndefu kuliko mara ya kwanza. Ilipokwisha, akanyoosha mkono.

"Zima kwanza."

Nikazima, nikamwonyesha kwamba taa nyekundu haiwaki. Ndipo tukaendelea kuongea.