Kinga Iliyomkaa

Katika mji wa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, alikaa kijana mmoja mwenye miaka 17. Baba yake alikuwa mchukuzi wa makala. Kila juma alikwenda porini na kinga yake, maana ndivyo watu wa huko wanavyoiita baiskeli. Alikwenda ameipanda, akarudi akiisukuma, magunia yamejaa juu yake. Mama yake alikuwa na mashini ya kushona. Alishona nguo za shule, shati nyeupe na suruali za buluu. Jioni, baada ya masomo, kijana alimsaidia kushona vifungo na kupiga pasi. Kwa kila nguo mama alimpa fedha kidogo. Kijana aliziweka zote katika kopo la maziwa, wala hakuzigusa kwa muda wa miaka miwili.

Kijana huyo alijifunza kupanda kinga angali mdogo, kwa kinga ya baba yake. Ilikuwa kubwa mno kwake. Hakuweza kufika kwenye kiti, basi alipitisha mguu mmoja chini ya chuma cha juu, akakanyaga pedali huku mwili umepindika upande. Watoto wengi wa Kongo wamejifunza hivyo. Alianguka mara nyingi, lakini mwisho akajua.

Mwaka 2024, Biniam Girmay, mtu wa Eritrea, alishinda hatua 3 katika mashindano ya Tour de France, akapewa shati la kijani. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabara yalifanyika Kigali, katika Rwanda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Kijana aliyatazama katika televisheni ya jirani. Tangu siku ile aliwaza jambo moja tu: kupata kinga ya mbio, yenye usukani uliopindika kama pembe za kondoo dume na mipira myembamba.

Basi siku moja alifungua kopo, akahesabu fedha, akaenda na mama yake kwa mfanyabiashara aliyeuza vitu vilivyotumiwa Ulaya. Huko walikuta kinga mbili za mbio. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, imeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, na rangi yake imebanduka mahali pengi. Bei yao ilikuwa moja. Juu ya fremu, yaani mifupa ya chuma ya kinga, palikuwa na nambari: 58 kwa ile nyekundu, 51 kwa ile ya kijivu.

Moyo wa kijana ulikwenda kwa ile nyekundu mara moja. Mfanyabiashara akasema: «Umechagua vema. Hii ni kinga ya mwanamume. Kama ni kubwa leo, utakua.»

Mama naye akakubali. Akasema: «Ni kweli. Nguo ya shule hununuliwa kubwa, ili mtoto aivae na mwaka ujao.»

Mfanyabiashara akaongeza: «Lakini jueni, kitu kikiisha kutoka mlangoni mwangu hakirudi.»

Neno hilo lilimtia mama wasiwasi. Akasema watarudi Jumamosi. Njiani wakapita kwa mzee mmoja, fundi wa kinga, aliyefanya kazi chini ya mwembe. Kijana akamweleza kwa furaha habari za kinga nyekundu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama.

«Mama,» akasema, «mtu akija kwako kutaka suruali, unaanza na nini?»

«Ninaanza na kupima,» mama akajibu.

«Na huyu mwanao, nani amempima?»

Mama akanyamaza. Mzee akaendelea: «Nguo ikiwa kubwa, utaikunja pindo. Kinga ikiwa kubwa, utakunja nini? Kiti kinaweza kupanda na kushuka. Usukani unaweza kusogea kidogo. Lakini chuma cha fremu hakikunjwi. Twendeni nyumbani kwenu, mkalete ile mita ya kushonea.»

Walipofika, mzee akamwambia kijana avue viatu, asimame wima, mgongo ukutani. Akampa kitabu chenye jalada gumu, akisema: «Kiweke katikati ya miguu, mgongo wa kitabu ukitazama juu. Kivute juu mpaka kikubane, kana kwamba umekaa juu ya kiti cha kinga.» Kisha akatia alama ukutani, penye ukingo wa juu wa kitabu. Mama akapima kutoka alama mpaka chini. Ilikuwa sentimeta 78.

«Sasa, mwana wa shule, fanya hesabu,» mzee akasema. «Zidisha 78 kwa 0,65.»

Kijana akaandika, akapata 50,7.

«Huo ndio urefu wa fremu yako, karibu 51. Zidisha tena 78 kwa 0,883.»

Kijana akapata karibu 69.

«Hizo ni sentimeta kutoka katikati ya mhimili wa pedali mpaka juu ya kiti. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Hesabu inatufikisha karibu tu. Magoti yatamaliza kusema.»

Kijana hakufurahi. Akasema kwa sauti ndogo: «Lakini, Baba, mimi nitakua bado.»

Hapo mama akaenda kuchukua suruali ya shule ya mwanawe. Akageuza pindo lake, akalitazama. Kila mwaka alikuwa akilifumua na kulishusha. Akasema polepole: «Mwanangu, tangu mwaka juzi sikulishusha pindo hili. Mimi mwenyewe nilisahau. Umekwisha kukua.»

Jumamosi wakarudi kwa mfanyabiashara, mzee pamoja nao. Mzee akamwambia kijana asimame juu ya kinga nyekundu, chuma cha juu kikiwa katikati ya miguu. Kijana akasimama kwa ncha za vidole, na bado chuma kilimbana. Mzee akauliza: «Ukifika njia panda, na lori linakuja, utaweka mguu wapi?» Kijana hakujibu. Kisha akapanda juu ya kiti, akashikiliwa asianguke. Mikono yake ilinyooka kama fimbo ili kufika usukanini, na vidole vyake viligusa breki kwa shida. Mzee akasema: «Ukienda hivi saa nzima, shingo na mgongo vitakuuma. Na siku ya hatari, mkono utachelewa kushika breki.»

Ndipo akasimama juu ya ile ya kijivu. Nyayo zake zote mbili zilikaa chini, na kati ya chuma na mwili palipita vidole vitatu.

Lakini mzee hakusema «lipa». Aliigeuza kinga ya kijivu miguu juu. Akapitisha kidole kila mahali palipoungwa chuma na chuma, akitafuta ufa. Pale penye rangi iliyobanduka akatazama zaidi, maana ufa mdogo hujificha huko. Akazungusha magurudumu, akaangalia kama yanakwenda sawa kati ya breki, au kama yanayumba. Akavuta mnyororo mbele, mbali na meno yake. Ulinyanyuka kidogo tu. Mnyororo uliochakaa hunyanyuka sana, nao hula meno.

«Mipira imezeeka,» akasema. «Wekeni akiba ya kununua mingine. Wala usichukue mpira wa kinga ya baba yako. Watu huita zote mbili 28, lakini gurudumu la kinga ya baba lina milimeta 635 pale mpira unapokaa, na hili la mbio lina 622. Hazibadilishani.» Kwa sababu ya mipira hiyo mfanyabiashara akapunguza bei. Kijana akalipa. Alipotoka aligeuka mara moja kuitazama ile nyekundu, kisha akaenda zake.

Chini ya mwembe mzee akapandisha kiti mpaka sentimeta 69, akihakikisha kwamba alama ya mwisho iliyochorwa juu ya nguzo ya kiti imebaki ndani ya fremu. Akamwambia kijana aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ulinyooka, na kiuno hakikuinama upande. Kisha aweke pale mbele, chini ya vidole. Goti likapinda kidogo. «Ni hivyo,» mzee akasema. «Kiti kikiwa juu mno, kiuno hucheza huku na huku. Kikiwa chini mno, goti huuma mbele.»

Akamwambia habari za Eddy Merckx, Mbelgiji aliyeshinda Tour de France mara 5 kati ya mwaka 1969 na 1974. Mnamo Septemba 1969 Merckx alianguka vibaya katika mashindano mjini Blois, Ufaransa. Mtu aliyemtangulia kwa pikipiki alikufa, naye Merckx aliumia kiunoni. Tangu hapo maumivu hayakumwacha. Alipandisha na kushusha kiti chake tena na tena, hata katikati ya mbio. «Bingwa mkubwa hivyo hakudharau milimeta chache,» mzee akasema. «Na wewe usizidharau.»

Kijana akazunguka mwembe mara mbili. Hakupinda upande, hakunyoosha vidole kutafuta pedali. Mama akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyevaa suruali mpya, akasema neno moja tu: «Imekukaa.»

Rafiki zake walimcheka kwa sababu ya rangi ile mbaya. Lakini baada ya majuma machache alikwenda mpaka Kipushi, karibu kilometa 30, akarudi siku hiyohiyo. Miguu ilichoka, magoti hayakuuma.

Jioni ile alimkuta baba ameketi, anasugua magoti yake, kama alivyofanya kila mara akitoka porini. Kijana akachukua kitabu na mita ya mama. Akamwambia: «Baba, tafadhali, simama ukutani.» Baba akacheka, lakini akasimama. Kijana akapima, akafanya hesabu, akaenda kupima kinga nyeusi ya makala. Kiti chake kilikuwa chini kwa sentimeta 7. Miaka yote ile hakuna aliyekitazama. Akachukua ufunguo, akalegeza, akakipandisha kwanza sentimeta 3 tu, ili baba azoee, kisha akakaza sana.

Asubuhi, kabla ya jua, baba akatoka kwenda porini. Kijana alisimama mlangoni, akatazama magoti ya baba yanavyopanda na kushuka, mpaka akapotea njiani.

Watoto, macho hupenda rangi, lakini safari hufanywa na mwili. Kabla ya kutoa fedha zenu, chukueni kipimo.

Maulizo:
1. Kwa nini nguo kubwa hufaa, na kinga kubwa haifai?
2. Mama alijuaje kwamba mwanawe amekwisha kukua?
3. Pimeni miguu yenu kwa kitabu na mita. Kila mmoja atafute urefu wa fremu inayomfaa.