Kabla Hujayalaumu Macho ya Mzazi Wako

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwona mzazi wako akisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta, nawe ukacheka? Mimi nilicheka. Leo nataka nikusimulie jinsi kicheko hicho kilivyonigeukia kikawa aibu, kwa sababu nina hakika kwamba katika nyumba nyingi za mjini jambo hili linatendeka, na sehemu kubwa ya dawa yake haigharimu hata senti moja.

Ilikuwa mwaka wa 2019. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwetu hapa Nairobi, kazi aliyokuwa ameifanya kwa miaka tisa bila shilingi moja kupotea. Hesabu zake alikuwa akiziweka katika kompyuta kuukuu ya mezani, ile ambayo skrini yake ilikuwa na kisogo kirefu kama televisheni za zamani. Kompyuta hiyo ilipokufa, kaka yangu na mimi tulichanga pesa tukamnunulia nyingine, yenye skrini bapa ya inchi 21 na nusu. Tulijiona watoto wema kupita kiasi. Majirani waliingia mmoja mmoja kuitazama, na chai ikanyweka.

Mama mwenyewe, hata hivyo, hakuonyesha furaha tuliyoitarajia. "Hii yenu ni nzuri ya kutazamia picha," alituambia siku moja, "lakini ile yangu ilikuwa na adabu." Tulicheka. Tulidhani ni ile tabia ya wazee ya kukataa kila kitu kipya. Hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani.

Miezi miwili baadaye, Mama alisoma hesabu mbele ya wanachama. Kama kawaida yake, alikuwa amenakili kwa mkono, kutoka kwenye skrini hadi kwenye karatasi, jina la kila mtu na kiasi alichotoa. Alipomaliza kusoma, mama mmoja aliinua mkono na kusema kwamba yeye alitoa shilingi 8,450, si 3,450 kama ilivyosomwa, na ujumbe wa M-Pesa alikuwa nao kwenye simu. Mwenyekiti akachukua karatasi, akajumlisha orodha. Jumla aliyoandika Mama chini ya karatasi, ambayo ilikuwa imepigwa na kompyuta, ilizidi orodha yenyewe kwa shilingi 5,000.

Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini wewe msomaji unajua mambo ya chama yalivyo. Mtu hahitaji kuitwa mwizi. Inatosha wenzake wakinyamaza anapopita. Mama alirudi nyumbani akiwa amekata shauri mambo mawili: kutoa 5,000 mfukoni mwake, na kuacha uweka hazina.

Nilipata habari hizo Jumapili iliyofuata nilipoenda kumwamkia. Nikamwomba afungue kompyuta tutazame pamoja. Alipovaa miwani yake ya kusomea, akainama hadi uso ukawa shubiri moja tu kutoka kwenye skrini, nikatabasamu na kumwambia, "Mama, unataka kuingia ndani?" Hakujibu. Alikuwa anasaka mstari kwa kidole. "Hapa," akasema. "Tatu, nne, tano, sufuri."

Nilitazama. Palikuwa pameandikwa 8,450.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tatu. Hapo ndipo tabasamu langu lilipokauka. Pesa hazikupotea. Orodha ndani ya kompyuta ilikuwa sawa na jumla ilikuwa sawa. Kilichopotea ni ule upande wa kushoto wa tarakimu nane, ambao kwa macho ya Mama haukuwepo. Tangu tulipomletea zawadi yetu alikuwa akikisia, na hakutuambia kwa sababu hakutaka watoto waseme amezeeka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini, msomaji, ni nani aliyemfanya aufiche kama si sisi tuliokuwa tukicheka?

Sasa ngoja nikwambie kosa langu la pili, usije ukalirudia. Kwa haraka ya kujionyesha kuwa najua, nilimnyang'anya Mama kipanya, nikaingia katika mipangilio ya skrini, nikaona mahali palipoandikwa "Resolution" pakiwa na tarakimu 1920 kwa 1080. Nikateremsha hadi 1024 kwa 768. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuyahifadhi mabadiliko, nami nikakubali. Kweli herufi zikawa kubwa! Nikaondoka kifua mbele. Jumatano Mama akapiga simu: herufi ni kubwa lakini zina ukungu, zimevutwa upande upande kama mtu aliyenenepa ghafla, nusu ya jedwali haionekani, na kichwa kinamuuma.

Aliyeniondoa ujinga ni mwenzangu kazini, anayepanga kurasa, mtu ambaye riziki yake ni ukubwa wa herufi. Alinieleza kwa mfano wa shanga. Fikiria, alisema, kwamba skrini ni kitambaa kilichoshonewa shanga ndogo ndogo, na kila herufi imetengenezwa kwa shanga kadhaa. Tuseme herufi imepewa shanga kumi kwenda juu. Katika skrini ya zamani ya Mama, iliyopangwa nukta 800 kwa 600, shanga zilikuwa kubwa, na herufi hiyo ilikuwa na urefu wa kama milimita 4. Katika skrini mpya shanga ni nyingi na ni ndogo zaidi. Herufi ile ile, kwa shanga zile zile kumi, inatoka na milimita 2 na nusu tu. Skrini imekua, herufi zimesinyaa. Ndiyo adabu aliyokuwa akiililia Mama.

Je, mbona kupunguza nukta kulileta ukungu? Kwa sababu skrini bapa ina idadi maalum ya nukta iliyotoka nazo kiwandani, na hazipungui. Ukiiambia ijifanye ina chache, inalazimika kugawanya nukta moja ya picha katika nukta moja na kitu za kioo, na mpaka wa herufi unachafuka. Zile skrini za kisogo hazikufungwa na idadi moja namna hiyo, ndiyo maana zamani ujanja huu ulifaa. Isitoshe, umbo la 1024 kwa 768 ni la skrini ya karibu mraba, na ukilitandaza katika skrini pana, kila kitu kinavutika.

Dawa ya kweli ni kuacha nukta zilivyo, na badala yake kuiamuru kompyuta ipe kila herufi nukta nyingi zaidi. Jumamosi nilirudi kwa Mama. Safari hii sikumnyang'anya kipanya. Niliketi kando, yeye akabonyeza. Nawe unaweza kufanya hivi leo.

Kwanza, funga programu zote ili uone uso mtupu wa skrini. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali pasipo na kitu, kisha chagua "Display settings". Huu ndio mpango wa kompyuta za Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo utakazokuta katika nyumba na ofisi nyingi.

Pili, tazama palipoandikwa "Resolution". Chagua ile ambayo kompyuta yenyewe imeiandikia neno "Recommended", yaani ile inayolingana na nukta halisi za skrini yako. Ukichagua isiyofaa na skrini ikaharibika, usishtuke wala usizime umeme. Usipobonyeza chochote, kompyuta itarudi ilivyokuwa baada ya sekunde chache.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, tafuta neno "Scale". Utaona asilimia: 100, 125, 150 na kuendelea. Hiyo ndiyo inayoongeza nukta kwa kila herufi. Tulipojaribu 125 Mama alisema "afadhali". Tulipofika 150 hakusema kitu. Aliegemea nyuma ya kiti chake, mara ya kwanza tangu tununue ile mashine, akaanza kusoma orodha nzima kwa sauti. Baadhi ya programu hazibadiliki sawasawa hadi uzime kompyuta na kuiwasha tena, kwa hivyo kuwa na subira.

Iwapo unataka maandishi pekee yakue, bila picha na vitufe, Windows 11 ina mahali pake: fungua "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Text size". Na kama tatizo ni ukurasa mmoja tu wa intaneti, shikilia kitufe cha Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha, herufi zitakua. Ukitaka zirudi, Ctrl na sufuri. Wanafunzi mnaosoma usiku, hii inawahusu ninyi pia, maana macho ya kijana nayo huchoka.

Hata hivyo, msomaji, nisikudanganye kwamba mipangilio ni tiba ya kila kitu. Baada ya kurekebisha mashine nilimpeleka Mama kwa mtaalamu wa macho. Mama alikuwa na miaka 57. Mtaalamu alitueleza kwamba kuanzia miaka ya arubaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho la kila mtu huwa ngumu na kushindwa kujikunja vizuri ili kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa wala si laana, ni umri. Lakini alituonyesha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Miwani ya kusomea hupimwa kwa ajili ya kitabu, kama sentimita 40 kutoka machoni. Skrini ya mezani hukaa mbali zaidi ya hapo, kadiri ya urefu wa mkono. Ndiyo maana Mama alikuwa akiinama: miwani yake ilikuwa inamvuta aende kwenye umbali wa kitabu. Alipimiwa miwani ya umbali wa skrini, na shingo iliyokuwa ikimuuma ikapona bila dawa.

Kwa hivyo mambo haya huenda pamoja. Herufi kubwa peke yake zinaweza kuficha jicho linalohitaji daktari, na miwani peke yake haitamsaidia mtu aliyewekewa herufi za sisimizi. Tena, mtu akiona ghafla ukungu, vimulimuli au giza upande mmoja, huyo asiguse mipangilio yoyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Utataka kujua chama kiliishaje. Katika mkutano uliofuata Mama alibeba karatasi zilizochapishwa na kompyuta yenyewe, bila kunakili kwa mkono. Akasimama, akaeleza kwamba alisoma nane kama tatu kwa kuwa alikuwa haoni, na kwamba aliona haya kusema. Kukawa kimya kidogo. Kisha yule mama mwenye 8,450 akasema kwamba yeye pia, kazini kwake, amekuwa akimwomba kijana mmoja amsomee barua za skrini kwa kisingizio kwamba amesahau miwani nyumbani. Wa tatu akasema lake. Kabla ya chai kuletwa, kaka yangu alikuwa amekwisha kuahidiwa nyumba nne za kwenda kurekebisha kompyuta, na Mama akaendelea kuwa mweka hazina.

Nikikumbuka, naona kwamba kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano. Kilichochukua miezi miwili, na nusura kichukue jina zuri la mtu, ni kutouliza. Mama alisema neno mapema, kwamba ile ya zamani ilikuwa na adabu, nasi tukacheka. Leo ukirudi nyumbani, mkute mzazi wako, mwalimu wako, au yule karani mzee ofisini mwenu ameinamia skrini, usitabasamu. Vuta kiti, uketi kando yake, umuulize kwa upole, "Herufi hizi unaziona vizuri?" Kisha mwachie kipanya mkononi mwake.