Tuhamie Mapinga au Tubanane Sinza?

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Sinza, mara nyingi anaanza kwa kucheka. Akilini mwake zinamjia baa, gesti, saluni na kuku wa kuchoma mpaka usiku wa manane. Sikatai, hayo yote yapo, na mengine nayapenda. Lakini kwangu Sinza ni nyumbani. Ndiko nilikozaliwa, ndiko nilikosoma, na ndiko tunakoishi mimi na mume wangu tangu tuoane, kwenye vyumba vya uani nyumbani kwa mama yangu. Ndiyo, kwa mama. Usicheke, maana ni wangapi mjini hapa wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anadai mwezi wake, halafu wanajiita wanajitegemea?

Basi kwa miaka minne ndani ya ndoa yetu kumekuwa na ubishi mmoja usioisha. Wala si nyumba ndogo, wala si simu iliyofichwa namba ya siri. Ni kiwanja. Mwenzangu alinunua kiwanja Mapinga, kule ukishavuka Bunju unaingia Mkoa wa Pwani, na anataka tujenge tuhame. Mimi sitaki kuondoka Sinza. Mwaka jana, tukiwa tumeanza kuchoka kubishana, akatokea mjenzi mmoja na pendekezo: nyumba ya mama ivunjwe, pale pasimame ghorofa nne.

Hebu kwanza nikueleze Sinza ilivyoanza, maana bila hilo utaona tunagombania hewa.

Katikati ya miaka ya 1970, serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya mpango huo. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: serikali inapima viwanja, inachonga barabara za mitaa, inapitisha mabomba ya maji, halafu mwananchi anajijengea mwenyewe kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Wapo waliosaidiwa na mikopo ya Benki ya Nyumba Tanzania, ile iliyokuja kufungwa mwaka 1995. Marehemu baba yangu alipata kiwanja cha mita 12 kwa 24. Alianza na vyumba viwili. Sebule ikafuata kaka yangu alipozaliwa, jiko likafuata baadaye, na mimi kitinda mimba nilikuta fundi bado anapiga plasta.

Wachumi waliofuatilia mradi ule katika miji saba ya Tanzania walichapisha utafiti wao mwaka 2021, wakaonyesha kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba bora na mpangilio mzuri zaidi kuliko ya jirani yaliyoota yenyewe. Mimi sikuhitaji utafiti kulijua hilo. Ukitoka kwetu ukavuka Mto Ng'ombe kuingia Tandale, unaiona tofauti kwa miguu yako: huku gari linapita, kule unapishana na mtu kwa ubavu.

Tatizo ni kwamba waliopima mitaa yetu walipimia Dar es Salaam nyingine. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoa mzima. Mwaka 2002 tulikuwa takriban milioni 2.5. Mwaka 2012 tukafika 4,364,541, na 2022 tukawa 5,383,728. Kiwanja cha baba hakijaongezeka hata futi moja.

Na watu wana haki ya kutaka kuishi Sinza, siwalaumu. Chuo Kikuu kiko pale juu, Mlimani. Mwenge karibu, Ubungo karibu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mtu anapanda kituo cha Shekilango anakwenda kushuka Kivukoni. Barabara ya Shekilango yenyewe imepanuliwa. Kila kinachoboreshwa kinavuta wengine, nao wanakuta hakuna tena kiwanja kitupu. Kwa hiyo nyumba za familia moja zinageuka. Mbele zinatolewa fremu za maduka, nyuma vinaongezwa vyumba vya wanafunzi, na mwenye nyumba akifariki watoto wanauza, tingatinga linaingia, ghorofa linapanda.

Mtaani kwetu tunayo matatu. Ni mazuri kwa nje, vioo vya bluu, vigae mpaka kwenye ngazi. Sasa njoo uishi jirani nayo!

Saa tatu usiku mume wangu anarudi kazini, anakuta lango letu limezibwa na gari. La nani? Hajui. Anapiga honi, anatoka mmoja anasema si lake, labda la ghorofa ya tatu. Anasubiri. Dakika ishirini baadaye anashuka kijana na bukta: "Samahani bro, sikujua kama kuna watu wanatumia hili lango." Hapo mtu aliyeshinda kwenye foleni anaingia ndani uso umekunjamana, na mimi niliyemsubiri na chakula ndiye ninayeambulia ule uso. Nimewasikia washauri wa ndoa wakizungumzia mawasiliano na zawadi za kushtukiza. Sijamsikia hata mmoja akitaja maegesho.

Maji nayo ni yaleyale. Bomba la mtaa ni moja, na yakitoka kwa mgawo mwenye pampu yenye nguvu ndiye anayejaza. Ghorofa la jirani lina matanki makubwa juu ya paa, na pampu yao ikiwaka saa nane usiku bomba letu linakohoa hewa. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likawekwa kwenye mgawo, kila nyumba ikaita maboza. Siku moja yaliingia mawili kwa pande mbili za mtaa, yakakutana katikati, hakuna wa kurudi nyuma. Watoto walishangilia. Sisi tulichelewa kazini.

Lakini hayo yote nayavumilia. Lisilovumilika ni karo. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka, kila nyumba ina karo lake chini ya uwanja wake. Karo lililochimbwa kwa ajili ya baba, mama na watoto watano leo linapokea ngazi nne za wapangaji. Kiangazi mambo yanakwenda. Masika ardhi ikishalowa, maji yanakataa kuzama, yanapanda, yanatafuta mfereji. Mfereji wenyewe umezibwa na vifusi vya ghorofa jingine. Mwezi Aprili mwaka jana tulikuwa na wageni wa upande wa mume wangu, mama mkwe ameketi barazani na kanga yake mpya, harufu ikaanza... Jamani! Mama mkwe mstaarabu, akasema tu, "Mwanangu, tuingie ndani, kuna mbu."

Usiku ule mume wangu hakunikumbusha habari za Mapinga. Hakuwa na haja.

Sasa na mimi niseme ya Mapinga, kwa haki. Kiwanja chetu ni mita 25 kwa 30, zaidi ya mara mbili ya hiki cha mama. Upepo wa bahari unafika. Usiku unasikia vyura tu. Na hatuko peke yetu kuwaza hivyo: Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu takriban milioni 1.1 mwaka 2012, miaka kumi baadaye ukawa na zaidi ya milioni 2. Hao wote hawakuzaliwa kule. Wengi ni vijana kama sisi, wanaofanya kazi Dar na kulala Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, kwa sababu ndiko kiwanja kinakopatikana kwa mshahara wa kawaida.

Tulijaribu. Rafiki yake mwenye nyumba jirani na kiwanja chetu alisafiri, tukahamia kwake wiki mbili na mtoto wetu wa miaka mitatu. Saa kumi na moja alfajiri mwenzangu ameshatoka. Kutoka lami mpaka nyumbani njia ni ya vumbi, mvua ikinyesha bodaboda wanapandisha bei au wanakataa kabisa. Majirani wawili waliochimba visima walipata maji ya chumvi, kwa hiyo hata kule boza ni lilelile, ila linakuja kwa bei ya mbali. Jioni anarudi saa tatu, saa tatu na nusu, mtoto ameshalala. Katika wiki zile mbili baba na mwanawe walizungumza Jumamosi na Jumapili tu. Ila pia niseme ukweli mwingine: mtoto alikimbia uwanjani mpaka magoti yakachubuka, na mume wangu alilala usingizi ambao sijauona Sinza tangu tuoane.

Tuliporudi kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na ubishi ukawa mkali kuliko mwanzo.

Ndipo akaja huyo mjenzi. Kijana nadhifu, kompyuta mkononi, anamwamkia mama kwa adabu zote. Pendekezo lake: ghorofa nne, nyumba kumi na mbili za vyumba viwili viwili. Mama apewe tatu, moja akae, moja atupe sisi, moja apangishe. Zinazobaki auze yeye arudishe gharama na faida yake. Alieleza vizuri kwamba tangu mwaka 2008 kuna sheria inayomruhusu mtu kumiliki kwa hati yake sehemu tu ya jengo, na vya pamoja, kama ngazi na paa, wenye nyumba wote wanavisimamia kwa umoja wao. Kwenye kundi la WhatsApp la familia kaka yangu wa Mwanza aliandika "Safiiii" kabla hata picha hazijamaliza kufunguka. Dada wa Arusha akauliza lini. Na mimi, nisikufiche, moyo uliruka. Nyumba yangu, Sinza, yenye hati! Nilimtazama mume wangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu alikuwa nesi miaka thelathini, hababaiki na vioo vya bluu. Akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, choo cha familia kumi na mbili kinakwenda wapi?"

Kijana akasema kutakuwa na karo la kisasa. Kubwa kiasi gani? Akasema injinia atapanga. Litakaa wapi, maana kwenye mchoro kiwanja chote kimejaa jengo na maegesho manne? Akasema atarudi na jibu.

Alipoondoka, mume wangu, ambaye kwa miaka minne hoja yake ilikuwa moja tu, tuondoke, alichukua kalamu akageuza bahasha ya risiti ya luku. Yeye ni mhasibu, kwake jambo bila hesabu halijasemwa. Nyumba 12, watu wanne kila nyumba, ni watu 48. Kila mmoja akitumia ndoo nne za lita 20 kwa siku, kuoga, kufua, choo, vyombo, ni ndoo 192. Lita 3,840 kila siku zinaingia, na karibu zote zinatoka zikiwa chafu. Gari la kunyonya la lita 10,000 lingejaa ndani ya siku tatu. Nani atakuwa analiita, na kwa pesa ya nani? Na kabla ya kutoka hayo maji yataingilia bomba gani, hili linalokohoa?

Tukakaa mezani mpaka saa sita usiku. Kwa mara ya kwanza hatukuwa tunabishana kuhusu Sinza na Mapinga. Tukaanza kuuliza maswali yaleyale kwa sehemu zote mbili: maji yanaingia vipi, machafu yanatoka vipi, gari linapita wapi, na mtoto anamwona baba yake saa ngapi. Mapinga ilianguka kwenye la mwisho. Ghorofa nne likaanguka kwenye mengine yote. Asubuhi tulimpelekea mama wazo letu: ghorofa moja tu juu ya chini, nyumba nne, uwanja wa nyuma ubaki wazi kwa karo kubwa na tanki la kuvuna maji ya mvua. Mama akakubali. Kaka hakufurahi, na mpaka leo kwenye kundi anajibu kwa vidole gumba tu.

Mjenzi alipoelezwa alitabasamu, akasema kwa nyumba nne hesabu zake hazilipi, lakini angejaribu mchoro mwingine. Tunaambiwa mchoro uko njiani. Wakati huohuo, jirani wa mkono wa kulia ameshasaini naye kwa ghorofa tano, na wiki iliyopita walianza kuchimba msingi mita mbili kutoka kwenye ukuta wetu. Mume wangu amekwenda mara mbili ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama kibali kinaonyesha mahali pa karo. Safari ya tatu tutakwenda wote, na mama amesema anakuja, akiwa na kiti chake.

Kiwanja cha Mapinga hatujakiuza. Tumepanda miembe minne. Mume wangu anakwenda kuimwagilia kila Jumamosi, kwa madumu ya maji anayoyapakia hapa Sinza alfajiri, kabla ya pampu ya jirani kuwaka.